Jibu: Kuwaekea wazee vipindi vya redio vya zamani sikukuu hii

Shekhe, umeuliza kama kuna maana ya kuwaekea wazee vipindi vya redio vya zamani sikukuu ikifika, kwa vile umeona Wamarekani kila Krismasi wanarudia vyao vya miaka ya 1930 na 1940, na wadau hapo juu wamekujibu "ingia YouTube pakua taarabu, yamekwisha". Mie nasema maana ipo kubwa tu ila hiyo YouTube sio. Kwetu Wete, Pemba, tunafanya hivi toka kaka alipozitoa kanda za marehemu baba sandukuni, basi nakupa nlichokiona.

Wimbo msafi wazee hawana shida nao. Nyimbo za vikundi vya taarabu kama Ikhwani Safaa na Culture wanazisikia kila harusi. Kinachowashika ni ile kanda mtu kairikodi redioni hasa, mtangazaji anaingia katikati anataja saa, anaukata wimbo kabla haujesha, mara anasoma salamu za fulani wa Konde kwa fulani na fulani wa Mkoani na wote wanaomfahamu, hapo ndo utaona bimkubwa kaacha kuchambua mchele anauliza huyu si mtoto wa yule aliyekuwa na duka kule bondeni, mwengine anabisha, ndo imetoka hiyo, kanda inakwenda na wenyewe wanazungumza juu yake. Na usiwanyamazishe! Kuna kijana wetu alikuwa anawaambia "shhh tusikilize", nkamtuma barafu.

Wewe ni wa mjini labda huwezi kujua redio ilikuwa nini Pemba. Umeme wa kule ulikuwa wa majenereta ya Wesha, waya wa baharini kutoka Tanga umekuja 2010, na vijiji vingi hata huo wa Wesha haukuwafikia. Televisheni ya rangi Zanzibar tunayo toka miaka ya 70 sawa, lakini shamba nani alikuwa nayo? Ilikuwa redio ya mawe, yaani betri, mawe yakichoka yanaanikwa juani pembeni ya jamvi la karafuu yapate japo nguvu ya taarifa ya habari. Sauti ya Unguja imeanza 1951, baadae ikawa STZ (Sauti ya Tanzania Zanzibar) pale Rahaleo, sasa ndo ZBC, na usiku ukigeuza kisu cha stesheni unanasa RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam), vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi hao mnacheka mpaka mbavu zinauma, watoto na kipindi chao cha Mama na Mwana, na BBC Kiswahili ambayo ipo toka 1957, hiyo wazee wa barazani walikuwa hawataki mtu akohoe. Na usiku wa kungojea mwezi ndo usiseme, nyumba yenye redio watu wanajaa mpaka uani, mwezi ukitangazwa umeandama kelele zake unazisikia mtaa wa pili.

Unguja nao walionja kidogo, ule umeme ulipokatika kisiwa kizima Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Redio zilizokuwa juu ya makabati zikashushwa zikafutwa vumbi.

Sasa kitu muhimu ni saa. Ramadhani mchana usithubutu kueka taarabu, mzee ataizima na wewe utajiona mtovu wa adabu. Eka kasida, Qur'ani, mawaidha ya zamani, tena ile alasiri muhogo wa nazi upo jikoni. Vichekesho baada ya tarawehe. Sikukuu mosi wacha kabisa, watu wako msikitini na kutembeleana, hakuna wa kukusikiliza. Wakati wenyewe ni sikukuu pili baada ya adhuhuri, pilau imeshaliwa, watoto wameshapewa pesa zao wamekwenda viwanjani, hapo fungulia taarabu. Ieke jikoni au uani kwa sauti ndogo, usiwapange watu kwenye viti kama mkutano. Vile viredio vipya vinavyokubali flashi na memori kadi ndo vizuri, sauti ya simu haifai.

Hicho kipindi cha redio cha Wamarekani, The Cinnamon Bear, ulichokitaja, cha 1937, vipande 26 vya robo saa robo saa, kimetengenezwa kisikilizwe kidogo kidogo mpaka Krismasi. Hilo wazo la kuiba! Kanda zako zikate vipande, kimoja kila siku kabla ya futari. Na wao wanacho mpaka leo kwa sababu kilirikodiwa kwenye sahani za santuri zikagaiwa vituo mbalimbali, lakini salamu zetu zikisomwa zimekwenda na upepo, mitaani kimebaki alichokinasa mtu na redio kaseti yake tu.

Kwenye kanda utakutana na matangazo ya vifo, yale ya habari ziwafikie jamaa popote walipo. Usiyafute, lakini sikiliza peke yako mwanzo, ukikuta jina la mtu wa nyumbani mwambie mwenyewe kwanza, asije akalisikia kwa ghafla mbele ya wageni. Shangazi yangu tulimuuliza akasema eka, na akataka irudiwe.

Kuhusu kuhamisha kanda kuziingiza kwenye kompyuta, kanda zetu zinaota ukungu kwa unyevu, yenye ukungu usiitie kwenye mashine hivyohivyo utaharibu na hedi (kile kichwa kinachosoma kanda), izungushe kwa biro taratibu uufute na pamba kavu. Hedi safisha kwa pamba na spiriti. Sauti ikivuta vuta ni mpira wa ndani umelegea, badilisha. Waya unatoka tundu la hedfoni la redio kaseti unaingia tundu la maiki kwenye kompyuta, sauti ya redio ishushe isije ikapasuka, programu ya kurikodia ya Audacity ni ya bure inatosha. Kanda ya C90 ni dakika 45 kila upande, haina haraka. Na mikwaruzo usiisafishe sana, ukizidisha mtangazaji anasikika kama kaingia ndani ya pipa.

Ukiwa na kanda na huna mashine nicheki inbox, yangu nzima, ila ukae mwenyewe mpaka iishe, mie kanda ya mtu silazi nayo.