Panya wa pili yuko wapi?

Juzi baada ya Alasiri nimekaa barazani Malindi na kahawa yangu, akaja kijana wetu aliyerudi likizo ya Idi kutoka masomoni. Kabla hajaamkia kanitia simu usoni: "Mwalimu, vekta imeingia!" Vekta ni kirusi tunachokibebesha jeni kiipeleke ndani ya seli. Picha ilikuwa ya utumbo wa panya, kijani tupu, rangi inayotakiwa kuonyesha jeni imeingia. Nikamuuliza, panya asiyepewa kirusi yuko wapi? Kimya. Sasa nyinyi mnaoanza nisikilizeni, maana kimya kile nakijua.

1. Gaweni kirusi kwenye vichupa vidogo siku ileile mnayokisafisha. Kuyeyusha na kugandisha kila mara ni kukiua, hasa lentivirusi, ile inayoishona jeni yake kwenye kromosomu ya seli.

2. Mkipitishia mdomoni, vunjeni makali ya asidi ya tumbo kwa bikaboneti kwanza.

3. Kontroli, yaani panya wa kulinganisha, asiyepewa kirusi. Hapa nitakaa.

Mwaka wangu wa pili ughaibuni niliwanywesha panya adenovirusi aina ya 5, kirusi kingine cha kubebea jeni, yenye jeni ya GFP, protini inayong'aa kijani. Siku ya 10 nikakata slaidi, nikaziweka chini ya hadubini: kijani! Usiku ule ule nikapiga simu nyumbani. Mama hakufahamu neno hata moja, lakini kigelegele alipiga, na asubuhi mtaa mzima unajua mtoto wa fulani kapata dawa ya matumbo. Kwenye mkutano wa maabara msimamizi akatazama picha zangu, akauliza swali lile lile. Panya wa kontroli walikuwepo, wallahi, matumbo yao yamo frizani. Nilikuwa na haraka tu. Akanituma nikayakate, wenzangu wakaendelea na mengine. Nikarudi nayo. Yalikuwa kijani kuliko yangu! Utumbo hung'aa wenyewe chini ya mwanga wa buluu, na mabaki ya chakula yanauongezea.

Nilidhani yameisha. Akauliza, "Siku ya ngapi?" Ya 10, nikasema, bado najivuna kidogo. Basi ngozi ya ndani ya utumbo hujibadilisha kila siku 3 hadi 5, na jeni ya adenovirusi haijishoni kwenye kromosomu. Hata ingeingia, seli nilizompigia mama simu zingekuwa zishatoka na kinyesi zamani. Na kuingia kwenyewe shida: mbali na ute unaoinasa, kipokezi chake, CAR, kimejificha kwenye maungio ya seli. Kirusi kinabisha hodi barazani, mlango uko uani.

Nikampigia mama tena. Akaniambia kigelegele hakirudishwi.

4. Mnaotaka jeni idumu, ifikisheni kwenye seli shina, zinazozaa seli nyingine za ngozi hiyo, zilizo chini ya vishimo vya utumbo, zile zilizotambuliwa kwa alama ya Lgr5 mwaka 2007. Anzeni na oganoidi, vijitumbo vidogo vinavyooteshwa maabara kutokana na seli, kwenye sahani na lentivirusi, panya baadaye. Haya nilimweleza kijana pale pale, lakini hakuwa akisikia. Alikwishainuka, anampigia mwenzake wa maabara akakate wa kontroli. Magharibi ikaadhiniwa hajarudi, na vikombe vyake viwili vya kahawa nikalipa mimi.