Re: Programu ya bei nafuu ya kuchorea mageti, laptopu ya RAM GB 4

Habari ndugu. Nimekuelewa: unachora mageti na madirisha ya chuma nyumbani, AutoCAD (programu ya kuchora kwa kompyuta) ya kulipia kila mwaka huimudu, na laptopu ni ya RAM GB 4.

Kwanza muulize anayepokea michoro yako anataka faili gani. Akikubali DXF (aina ya faili la michoro linalofunguka kwenye programu nyingi) au PDF, tumia programu ya LibreCAD. Ni ya bure kabisa, nyepesi, na mimi naitumia kwenye mashine kama yako. Akisisitiza DWG (aina ya faili la AutoCAD yenyewe), hapo LibreCAD itakukwamisha, maana hufungua baadhi tu ya faili hizo na haihifadhi kwa DWG.

Sasa kitu kilichonitesa. Nilichora geti la upana wa mm 3600, na kwenye skrini lilionekana safi. Nikachapa kwenye A4 kwa skeli ya 1:20, geti likatoka sentimita 18 vizuri, lakini namba za vipimo zilikuwa vidoti tu! Maandishi huja na kimo cha mm 2.5, nayo yanagawanywa kwa 20 pamoja na mchoro. Ingia mipangilio ya mchoro, sehemu ya vipimo, weka kizidisho cha jumla 20, kisha chapa tena. Hapohapo hakikisha kipimo ni milimita.

Ukitaka 3D (umbo la pande zote tatu) ipo programu ya FreeCAD, nayo ni bure, ila kwa RAM hiyo utavumilia sana. Kwenye Mac sijawahi kuzijaribu.

Nakala za wizi za AutoCAD, zilizovunjwa ulinzi, ziache kabisa, tafadhali. Zikiwa na virusi, vinaweza kula na michoro ya wateja wako.