Ni kweli jiji linalipa wakili: yaliyomkuta binamu yangu New York

Dada, pole sana. Umeuliza kama ni kweli jiji la New York humlipia wakili mtu aliyekamatwa na ICE, askari wa uhamiaji wa Marekani, maana mumeo ana siku ya nne mahabusu na kuna mtu huko kwenu Bronx anataka dola 3,000 ili "afuatilie faili". Ni kweli. Na huyo mtu usimpe hata senti.

Nasema hivyo kwa uchungu. Binamu yangu alikamatwa mwaka 2016 alfajiri akienda kazini. Alikuwa Marekani tangu 2003, visa ilishakwisha zamani, watoto wake wawili wamezaliwa hapa. Wakamfungia jela ya kaunti moja New Jersey. Sisi tukakimbilia kwa mtu wa kwetu anayejazia watu fomu, tukachanga dola 2,500. Kumbe si wakili, wala hana ruhusa ya kusimama mbele ya hakimu. Akamjazia ombi la hifadhi ya ukimbizi, na humo ndani kuna mateso ambayo binamu yangu hakuyapata kamwe. Kama karatasi ile ingefika mahakamani na sahihi yake chini, angekuwa amejichimbia kaburi. Pesa hatukuziona tena.

Lililotuchanganya ni kwamba tulidhani serikali itampa wakili tu. Kwenye kesi za jinai ndivyo ilivyo, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1963. Lakini kesi ya kuondolewa nchini haihesabiwi kuwa jinai, hata kama mtu yuko nyuma ya nondo. Sheria ya uhamiaji inasema una haki ya kuwa na wakili, ila gharama isiwe ya serikali. Yaani ukiwa huna hela, unasimama peke yako, na upande wa pili yupo wakili wa serikali anayelipwa mshahara.

Pengo hilo ndilo baraza la jiji liliamua kuliziba. Mwaka 2013 lilitoa dola 500,000 za majaribio, na mwaka uliofuata likaongeza hadi kutosha watu wa kipato cha chini waliokuwa mahabusu bila wakili katika mahakama ya uhamiaji ya Varick Street. Mradi unaitwa New York Immigrant Family Unity Project, na kazi ilikabidhiwa taasisi tatu: The Bronx Defenders, Brooklyn Defender Services na The Legal Aid Society.

Wakili wa mradi alimkuta binamu yangu asubuhi ileile ya kuitwa kwa hakimu mara ya kwanza. Alimuuliza habari za watoto. Aliposikia mdogo ana selimundu, akaanza siku hiyohiyo kutafuta karatasi za hospitali, kwa sababu mtu aliyeishi hapa miaka 10 au zaidi anaweza kuomba asiondolewe, ila lazima athibitishe kwamba mke, mzazi au mtoto aliye raia au mwenye ukaazi wa kudumu ataumia kupita kiasi. Hakimu akampa dhamana ya dola 6,000, tukaichangia kwenye kundi la WhatsApp. Pesa ya dhamana hurudi kesi ikiisha, mradi mtu ahudhurie kila anapoitwa.

Siku ya kusikilizwa nilikuwepo. Wakili wa serikali akatoa maelezo ambayo binamu yangu aliandikisha siku ya kukamatwa: "Namtumia mtoto wangu wa Tanga ada ya shule." Lakini fomu yake ya kuomba asiondolewe ilitaja watoto wawili tu, wote wa Bronx. Basi akaonekana mwongo aliyeficha mtoto. Wewe na mimi tunajua kwamba mtoto wa kaka yako ni mtoto wako. Mkalimani alitafsiri neno kama lilivyo, hakukosea. Wakili wetu ndiye aliyesimama akamwuliza taratibu, "Huyo mtoto kamzaa nani?" Swali moja tu. Peke yake asingejua hata kwamba jambo hilo linahitaji kuelezwa. Mwaka 2018 alishinda.

Taasisi ya utafiti iitwayo Vera iliupima mradi huo mwaka 2017. Kabla yake, kati ya mahabusu 100 wasio na wakili pale Varick Street walioshinda ni wanne. Wenye wakili wa mradi walikadiriwa kufikia 48. Nikikumbuka lile swali, naziamini hesabu hizo.

Sasa fanya hivi. Mwambie asisaini chochote kabla hajaonana na wakili, hasa karatasi ya kukubali kuondoka mwenyewe. Piga simu kwa mojawapo ya taasisi hizo tatu leo, usingoje tarehe ya mahakama, kwa sababu siku hizi watu wanahamishwa upesi hadi Louisiana au Texas, na akishafika huko kumpatia wakili wa jiji kunakuwa kugumu zaidi. Kusanya vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kodi mlizolipa, barua za shule.

Kitu cha kwanza watakachokuuliza ni namba yake ya A, ile ya uhamiaji. Bila hiyo na nchi aliyozaliwa, kumtafuta kwenye mfumo ni kazi. Akikupigia usiku huu, mwulize hiyo kwanza, uiandike, ndipo uwape watoto simu waongee naye.