Madogo mnaoskauti gadi wa kikapu, acheni kuniandikia matokeo

Jana usiku nimekaa na ripoti nne za vijana wetu wapya, nyie mnaotutafutia wachezaji wa vyuo vya Marekani wa kuingia NBA, zote za gadi, yule anayevusha mpira na kuugawa, na zote zinaanza na pointi. "Alifunga 24." "Alifunga 19, asisti 6." Jamani. Hizo namba kila timu inazo kabla mchezaji mwenyewe hajaingia bafuni kuoga, hatukukatii tiketi ya ndege ukatuletee boksi skoo, ile karatasi ya takwimu za mechi. Nawapenda kweli, na naona mnavokesha, ila mnarudia makosa yaleyale niliyofanya mimi na waliokuja baada yangu, tena kwa mpangilio uleule utadhani kuna mtu anawarithisha. Kombaini ya Chicago, pale vijana wanapopimwa kabla ya drafti (siku timu za NBA zinachagua wachezaji wapya kwa zamu), ni mwezi wa tano, muda upo, kwa hiyo someni haya alafu mje na maswali.

1. Fika mapema. Saa moja na nusu kabla ya mechi uwe umeshakaa. Gadi akiwa anapiga shuti za kujipasha moto ndo unaiona miguu yake vizuri, kama anatua sehemu moja kila mara au anaelea elea, na unaona anavoishi na yule kijana anayemrudishia mipira. Ukiingia jamaa wanaruka jump bolu, ule mpira wa kuanzisha mechi, umeshapoteza nusu ya safari.

2. Mitupo huru kwanza, pointi tatu baadaye. Hii nshaisema mpaka nimechoka. Msimu mmoja wa chuo una shuti chache sana za tatu kukupa uhakika, mtu akipata wiki mbili za moto asilimia inapanda na wewe unaandika "mpigaji". Markelle Fultz pale chuo cha Washington alipiga 41.3% za tatu, kila mtu akafurahi, akachukuliwa namba 1 kwenye drafti ya mwaka 2017. Mitupo huru alikuwa na 64.9%. Ile namba ilikuwa pale pale kwenye karatasi ileile, mstari uleule! Ni kweli baadaye waligundua ana tatizo la neva upande wa bega, kwa hiyo msije mkamhukumu kijana wa watu, mwili ulimsaliti. Ila alama ya kuuliza ilitakiwa iwepo toka mwanzo, na mwaka ule ule Lonzo Ball namba 2 alikuwa na sura hiyohiyo, 41.2 za tatu na 67.3 za mitupo huru. Pale kwenye mstari hamna anayekukaba, hamna saa inayokukimbiza, ni wewe na mkono wako.

3. Andika aliamua nini, usiandike ikawaje.

Hapa nakaa kidogo, mnivumilie.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa gadi mmoja wa chuo kidogo. Jina lake silitaji, na timu niliyokuwa naifanyia kazi siitaji. Alikuwa mwaka wa tatu chuoni, mwembamba, anatumia kushoto. Nilienda kumwona mara moja tu, Jumanne, ndege ikachelewa, nikaingia kipindi cha kwanza kimeshaenda dakika sita hivi, nikapanda juu kabisa, nikafungua daftari nikaanza kuchora herufi T kila akipoteza mpira. T. T. T nyingine. Mpaka mwisho T saba, na timu yake imepigwa vibaya. Usiku huohuo hotelini nikaandika: "Hana uamuzi. Akibanwa anatupa mpira." Nikaisoma mara mbili nikaipenda, fupi, ina makali, nikaona sasa na mimi ni skauti.

Kwenye kikao cha kupanga bodi, ule ubao wa majina ya vijana tunaowataka, bosi akaisoma ile sentensi kwa sauti. Akauliza nani mwingine amemwona huyu, kimya. Akaenda ubaoni akabandua ile sumaku yenye jina lake, akaitupia kwenye boksi. Haikuchukua hata nusu dakika. Mlio wa ile sumaku ikigonga zingine ndani ya boksi ninao masikioni mpaka leo.

Timu nyingine ikamchukua raundi ya pili, mwishoni kabisa. Ilipofika mwezi wa 12 yeye anacheza dakika za maana kila mechi, na sisi gadi wetu wa akiba ameumia goti tunahangaika kutafuta mtu. Mzee wetu wa video akaniita. Hakunifokea, na bora angenifokea. Akaweka mkanda wa ile Jumanne, akazima sauti, akaniambia, "Mwanangu, usimwangalie yeye. Mwangalie anayepokea."

T ya kwanza: piki-endi-roli (mwenzake anamzibia njia mkabaji wake alafu anashuka golini) upande wa kulia, watu wawili wanamrukia, yeye anapitisha pasi ya kudunda katikati yao, mpira unamkuta senta anashuka vizuri kabisa, ila mikono ya senta bado iko magotini. Mpira unampiga pajani unatoka nje. Mzee akasimamisha picha pale pale, mpira umegusa paja na mikono iko chini. Hakusema kitu. T ya pili, pasi ya kona, na yule mpigaji ameshaihama kona bila sababu yoyote. Ya tatu pasi ya juu ya kwenda kudanki, bigi, yule senta mrefu, hakuruka. Ya nne makosa yake, sawa. Ya tano wenzake wamemsukumia mpira saa ya kupiga shuti imebaki sekunde 2. Ya sita bigi yuleyule, mikono ileile. Ya saba yake. Kwa hiyo kati ya saba zake zilikuwa mbili, na zile nne za pasi ni pasi ambazo mtu analipwa mamilioni ya dola kuziona kwenye NBA. Niliyemwandika kuwa akibanwa anatupa mpira, akibanwa alikuwa anamwona mtu wa tatu kabla difensi haijajua kama yupo.

Kijana yule usiku wa drafti alikaa na familia yake mpaka raundi ya pili inaelekea kuisha. Sehemu ya kusubiri kule niliiandika mimi, hotelini, na nilikuwa nimefurahi nikiandika.

Toka hapo daftari langu lina safu mbili. Kushoto aliamua nini, naijaza uwanjani. Kulia ikawaje, naijaza siku ya pili kwenye mkanda. Naomba na yenu yawe hivo, na nitayakagua.

4. Mechi moja isikudanganye. Tarehe 12 Machi 2009, Madison Square Garden, vyuo vya Syracuse na UConn walienda ovataimu sita, 127 kwa 117, na Jonny Flynn, gadi wa Syracuse, alicheza dakika 67 kati ya 70. Sitini na saba! Upande wa pili alikuwepo Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, aliyekuja kuchukuliwa namba 2 mwaka uleule. Ukiwa umekaa pale jukwaani ukamwona Flynn hachoki, utamwandika nini zaidi ya mashairi? Kwenye drafti hiyo Minnesota walikuwa na namba 5 na 6, wakachukua gadi wawili mfululizo, Ricky Rubio na Flynn, na namba 7 Golden State wakamchukua Stephen Curry ambaye msimu ule ndo alikuwa anaongoza vyuo vyote kwa kufunga, 28.6 kwa mechi. Flynn nyonga ilimharibia, alicheza misimu mitatu tu, na hilo hakuna skauti angeliona. Lakini Syracuse walikuwa wanakaba zoni mwaka mzima, yaani kila mtu analinda eneo lake badala ya mtu wake, kwa hiyo aliyetaka kujua kama anaweza kumkaba gadi mmoja kwa mmoja hakuwa na mkanda wa kutosha, na moyo wa dakika 67 haujibu swali hilo. Ukikuta gadi wa timu ya zoni, andika wazi "sijamwona akikaba mtu" na uende kumwona kwenye wokauti, yale mazoezi ya majaribio. Kusema sijaona sio aibu, mbona mnaiogopa hivo?

5. Umri na urefu visikutishe. Jalen Brunson alimaliza chuo cha Villanova na ubingwa mara mbili, 2016 na 2018, akashuka mpaka namba 33. Fred VanVleet hakuchukuliwa kabisa 2016, na 2019 ana pete na Toronto. Mtu mfupi mzima anayejua kusimama kwa miguu miwili ndani ya eneo la rangi chini ya goli bila kupaniki, mpe jicho la pili.

6. Mambo madogo madogo: chuo wanacheza na saa ya shuti ya sekunde 30, huku NBA ni 24, kwa hiyo gadi anayevusha mpira akitembea mhesabie zile sekunde. Mstari wa pointi tatu wa chuo uko mita 6.75 na wa NBA pale juu ni 7.24, angalia kama shuti zake zinatoka nyuma ya mstari kabisa au kidole kimegusa mstari. Akishatoa pasi mfuate yeye, mpira achana nao, mtu akitoa pasi akasimama kushika kiuno andika. Taimauti usishike simu, tazama anakaa wapi na nani anamsikiliza.

Jumamosi kuna mechi, wote wanne mnakuja. Nitakuwa kona ya chini nyuma ya goli, upande timu yao inaposhambulia kipindi cha pili, na kompyuta mnaziacha kwenye gari. Daftari tu, safu mbili. Na yule aliyeniandikia "hana mikono laini" kwa gadi wa jana, nimeshatafuta mkanda, tutauangalia mimi na wewe, sauti tunazima.