Tarumbeta fupi kwa Handel, Bach na Haydn: ushike ipi, kwa kazi ipi

Kwaya ikiamua kwamba safari hii sehemu ya tarumbeta katika "Haleluya" ya Handel haitapigwa kwa kinanda, mpigaji wa B-flati, tarumbeta ya kawaida, hupewa karatasi iliyoandikwa kwa tarumbeta ya D, yaani ile ambayo C ya kwenye karatasi hutoa sauti ya D. Wengi watamwambia atafute pikolo, tarumbeta fupi kuliko zote, kwa kuwa nota ziko juu. Ushauri huo umewapotezea fedha wapigaji wengi chipukizi, maana unachukulia kwamba mrija mfupi hupandisha sauti kwa niaba ya mpigaji.

Haifanyi hivyo. Nota ya juu kabisa ya tarumbeta katika Messiah, kazi yenye "Haleluya" hiyo, ni A, ile yenye mitetemo 880 kwa sekunde. Midomo yako lazima itetemeke mara 880, uwe umeshika mrija wa sentimita 74 (pikolo), wa sentimita 148 (B-flati), au wa mita mbili na zaidi kama ule wa wapigaji wa enzi za Handel. Kama A hiyo huipati kwenye B-flati, ambako huandikwa kama B iliyo juu ya mistari, pikolo haitakupa. Kinachobadilika ni umbali wa nota hiyo na jirani zake.

Kila mrija una ngazi zake za asili, zile sauti zinazotoka bila kubonyeza valvu, na kadiri unavyopanda ndivyo ngazi zinavyosongamana. Kwenye B-flati, A hiyo hutoka kwa valvu ya 2 kwenye ngazi ya 8, na ngazi ya 7 iko chini yake kwa kama toni moja tu. Midomo ikilegea kidogo unaangukia huko, na kanisa zima linasikia. Kwenye tarumbeta ya D yenye valvu, A hiyo hiyo ni ngazi ya 6. Kwenye pikolo ya A ni ngazi ya 4: jirani wa chini yuko umbali wa nota nne, wa juu umbali wa nota tatu. Unachonunua kwa pikolo ni uhakika wa kuigusa nota uliyoikusudia. Nguvu ya kuifikia unaijenga kwenye tarumbeta yako ya kila siku.

Wapigaji wa karne ya 18 walikuwa na shida kubwa zaidi. Tarumbeta yao ya D haikuwa na valvu, na A hiyo ilikuwa ngazi ya 12. Ndiyo maana nyimbo za Handel na Bach hucheza juu: kuanzia ngazi ya 8 ndipo mrija unapotoa nota zinazofuatana kama za kuimba. Ngazi ya 11 na ya 13 hazilingani na piano, na mpigaji alizivuta kwa midomo. Ukijua hili utaacha kuipiga parti ya Baroko (muziki wa enzi hizo za Handel na Bach) kwa nguvu moja tangu mwanzo hadi mwisho. Iliandikwa kwa chombo kilichoweza kuimba kwa upole huko juu, karibu na sauti ya binadamu.

Sasa uchaguzi wenyewe. Angalia mambo mawili kwenye karatasi kabla ya kuangalia duka: ufunguo wa kazi, na jinsi parti inavyoshuka chini. La pili husahauliwa, nalo ndilo huwaumbua wapigaji wa pikolo.

Parti za D ni nyingi kuliko zote: Messiah, sonata ya Purcell, matamasha ya Torelli na Telemann, utangulizi wa Te Deum ya Charpentier, sehemu kubwa ya Bach. Ukizipiga kwa B-flati unacheza katika E, yenye shapu nne. Kwa tarumbeta ya C unacheza katika D, shapu mbili. Kwa tarumbeta ya D unacheza C safi. Kwa pikolo yenye mrija wa A (huwa na mirija miwili ya kubadilishana, wa A na wa B-flati) unacheza F, flati moja. Pikolo hiyo hiyo ukiiacha na mrija wa B-flati inakurudisha kwenye shapu nne. Kwa hiyo kwa kazi za D, mrija wa A ndio kawaida.

Waliolelewa na tonic sol-fa kwenye kwaya wana faida hapa, na waitumie. Karatasi ya kwaya inasema Doh ni D. Mpigaji asipige hesabu ya kila nota. Ajue tu vidole vya Doh viko wapi kwenye chombo alichoshika, kisha afikiri kwa Doh, Re, Mi. Kwenye pikolo ya A, Doh ya D ni vidole vya F, yaani valvu ya 1. Kwenye tarumbeta ya C ni vidole vya D. Piga skeli ya Doh hiyo, polepole, kila siku kwa wiki mbili, kabla hata hujafungua karatasi ya Handel.

Kwa Messiah peke yake, tunapendekeza tarumbeta ya D mbele ya pikolo. Parti haipandi kupita A, na sauti ya D ni pana zaidi na huchanganyika vizuri na kwaya. Kwa kawaida huuzwa kama tarumbeta ya E-flati inayokuja na mirija ya kubadilishia kuwa D, nyingine na kengele (mdomo mpana wa mbele) ya pili. Hiyo hiyo, ikirudishwa E-flati, ndiyo ya tamasha la Haydn la 1796, aliloliandika kwa ajili ya mpigaji Anton Weidinger na tarumbeta yake ya vifuniko, yenye matundu yanayofunguliwa na kufungwa badala ya valvu. Haydn kwa pikolo husikika mwembamba mno, na nyimbo zake za chini hupotea. Tamasha la Hummel, la 1803, liliandikwa katika E. Wengi hulishusha nusu toni hadi E-flati ili lipigwe kwa B-flati au kwa E-flati. Tarumbeta ya E ipo, lakini ni ya mwenye kazi nyingi za aina hiyo.

Pikolo huwa ya lazima pale Bach anapopanda hadi D iliyo juu ya ile A na kukaa huko. Kilele ni tamasha lake la Brandenburg la 2, katika F, ya mkusanyiko uliotabarukiwa mwaka 1721. Inafika G, na hupigwa kwa pikolo ya B-flati, vidole vya ufunguo wa G. Hiyo si kazi ya mwaka wa kwanza, wala wa tatu. Kwa parti ya tatu ya Bach, inayokaa chini karibu na timpani (ngoma za okestra), usitumie pikolo hata kidogo. D ya chini kwenye pikolo ya A hutoka kwa valvu ya 4 na ya 1 pamoja, huwa juu kidogo na haina mwili. Chukua C au D.

Wanaocheza na okestra ya vyombo vya kale, ambayo A yake ya kati ni mitetemo 415 kwa sekunde, chini ya ile ya kawaida, hawawezi kuingia na chombo chochote kati ya hivi. Hapo inatakiwa tarumbeta ya asili, mara nyingi yenye matundu 3 au 4 ya kurekebishia nota.

Ukishapata pikolo, kosa la kwanza ni kuchomeka mrija wa A na kuacha mirija ya valvu ilivyokuwa. Chombo kimerefuka kwa karibu asilimia 6, na mirija ya valvu lazima irefuke hivyo hivyo. Vuta wa valvu ya 1 kama milimita 3, wa valvu ya 3 kama 4, wa valvu ya 4 kama 7. Ule wa 2 unahitaji kama milimita 1 tu. Anza na vipimo hivyo, kisha thibitisha nota moja moja kwa kipima sauti (tuner). Kumbuka pia kwamba kila milimita unayoongeza kwenye pikolo hushusha sauti mara mbili ya inavyoshusha kwenye B-flati, kwa hiyo usivute kwa mazoea ya zamani. Panapohitaji valvu 1 na 3, jaribu ya 4 peke yake. Badala ya 1, 2 na 3, tumia 2 na 4. Kwa kawaida zinatulia zaidi.

Kosa la pili ni hewa nyingi. Mrija ni mwembamba na unakataa. Ukiulazimisha, sauti hupanda, hukauka, na midomo huisha ndani ya dakika kumi. Pumua kidogo kuliko ulivyozoea, na toa hewa iliyobaki kifuani kabla ya kuvuta nyingine, la sivyo utabanwa ukiwa na mapafu yaliyojaa. Piga dakika 10 hadi 15, pumzisha midomo kwa muda kama huo, kisha maliza zoezi kwa sauti za chini kwenye B-flati. Usifungue siku kwa pikolo.

Joto nalo lina neno. Chombo cha kupuliza hupanda kwa takriban senti 3 (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni) kwa kila nyuzi ya Selsiasi, na kinanda cha umeme hakipandi. Kanisani Mombasa au Dar es Salaam mchana utakuwa juu ya kinanda. Vuta mrija kabla ya ibada kuanza. Messiah ina shida ya kinyume pia: tarumbeta hukaa kimya muda mrefu na kupoa, hasa penye baridi. Pitisha pumzi ya joto ndani yake, bila sauti, kurasa mbili kabla ya kuingia.

Kuhusu kipulizio, kile kikombe cha chuma kinachokaa midomoni: weka ukingo ulio karibu na wa kila siku ili midomo isipotee, punguza kina cha kikombe. Katika namba za vipulizio vya Bach (kampuni ya vyombo, si mtunzi), herufi hutaja kina, C kikiwa cha kawaida, D na E vikiwa vifupi zaidi. Kikombe kirefu kwenye pikolo hushusha nota za juu na kuchafua tuni yote.

Kabla ya kulipia pikolo iliyotumika, hakikisha mirija yote miwili, wa A na wa B-flati, imo kwenye sanduku, na kwamba mirija ya valvu inavutika bila koleo. Kisha uliza tundu la kipulizio ni la tarumbeta au la koneti (chombo cha bendi kinachofanana na tarumbeta), kwa sababu zipo za aina zote mbili na shina la moja halikai kwenye nyingine. Mpigaji wa koneti wa Jeshi la Wokovu huenda tayari ana kipulizio kinachoingia. Anayetoka kwenye tarumbeta atalazimika kununua kingine, na gharama hiyo aiweke kwenye bei tangu mwanzo.