Si kila joto ni la kaskazi: kukoma hedhi ukiwa Mombasa

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikishika, Mombasa nzima hutoka jasho, na hapo ndipo mwanamke wa miaka 47 hudanganyika. Joto la hewa hukaa nawe muda wote uliopo juani. Joto la kukoma hedhi huanzia kifuani, hupanda shingoni na usoni, moyo ukaenda mbio, na baada ya dakika chache limekwisha, mara nyingi likiacha kibaridi. Likikuamsha saa tisa usiku mwezi wa Julai, kusi ikivuma, usiilaumu hewa.

Homoni ya estrojeni ikishuka, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili huwa nyepesi kushtuka. Chai ya moto, pilipili, au ngazi za ghorofa ya tatu tu, na mwili hujipoza kana kwamba umo tanurini. Dawa ya kwanza basi ni kupunguza vichocheo vidogovidogo. Buibui la poliesta juu ya dera la poliesta halipitishi hewa. La ndani liwe la pamba. Kahawa chungu ya jioni ihamishie asubuhi, maana huleta joto na kufukuza usingizi kwa pamoja. Juu ya godoro la sponji tandika leso mbili za pamba, moja juu ya nyingine: ya juu ikilowa unaivuta na kuendelea kulala bila kuwasha taa. Feni nayo hufaa kuliko maji ya barafu, kwa sababu hewa yetu ina unyevu na jasho halikauki pasipo upepo.

Kwa wengi joto hili hudumu miaka kadhaa, kisha hupungua lenyewe. Yapo mawili yasiyopungua yenyewe, nayo ndiyo husemwa kwa uchache zaidi: ukavu wa uke na udhaifu wa mifupa.

Ukuta wa uke huwa mwembamba na mkavu, tendo la ndoa likauma, mkojo ukachoma, na maambukizi ya mkojo yakarudi kila mara. Wengi hapo huongeza usafi, na ndipo mambo huharibika. Sabuni ya manukato na kujiosha kwa ndani huondoa kinga iliyobaki. Shabu, lile jiwe jeupe la kukazia, ni mbaya zaidi: hukaza kwa kukausha, na ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba ikikaushwa tena huchanika. Liwa na singo ni za ngozi ya nje; udi fukizia nguo na nywele.

Osha nje tu, kwa maji matupu. Tumia jeli ya kulainisha uke kila baada ya siku mbili au tatu, hata kama mume yuko safarini, na wakati wa tendo ongeza kilainishi cha maji. Mafuta ya nazi yasiyo na manukato huwafaa baadhi, lakini hudhoofisha kondomu za mpira. Ikiwa hayo hayatoshi, ipo krimu ya estrojeni ya kutia ukeni: kwa kawaida kila usiku kwa wiki 2, kisha mara 2 kwa wiki. Kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, ila aliyewahi kuugua saratani ya matiti amuulize kwanza daktari wake. Matokeo huchukua wiki kadhaa, na wanaoacha siku ya kumi wakisema haifai hawakuipa muda.

Mkojo ukivuja ukicheka au kupiga chafya, kaza misuli ya nyonga kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja. Shikilia sekunde 5, legeza sekunde 5, mara 10, asubuhi, mchana na usiku, kwa miezi 3. Ukibana pumzi, ukikaza makalio au ukisukuma kwenda chini, unafanya zoezi jingine kabisa.

Mifupa haina dalili mpaka ivunjike, na kasi ya kupungua kwake ni kubwa zaidi miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma. Baada ya miaka 50 mwanamke huhitaji takriban miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Glasi moja ya maziwa au maziwa lala ina kama 300; maziwa ya kugeuza rangi ya chai hayahesabiki. Dagaa waliwao na mifupa yao ni hazina (wa chumvi walowekwe kwanza). Sukuma wiki hutoa kalsiamu yake vizuri. Mchicha una nyingi lakini huifunga. Ukitumia vidonge, usizidishe miligramu 500 kwa mara moja, maana mwili haufyonzi zaidi vyema. Mwezi wa Ramadhani, kimoja futari na kimoja daku.

Jua letu ni kali, lakini haliwafikii wanaojifunika, na jua la kupitia kioo halitengenezi vitamini D. Kaa uani au juu ya paa mikono na miguu ikiwa wazi, au meza uniti 600 kwa siku, 800 baada ya miaka 70.

Kuogelea ni kuzuri kwa moyo, ila mfupa hutaka kubebeshwa uzito. Tembea haraka nusu saa siku 5 za wiki. Ufukwe wa Mama Ngina jioni ni pazuri. Siku 2 fanya hili nyumbani: kwenye kiti kigumu, inuka bila kushika kitu, kisha shuka ukihesabu hadi tatu. Mara 10, pumzika, rudia mizunguko 3. Ukijibwaga umepoteza nusu ya kazi. Likizoeleka, shika madumu mawili yenye lita 2 za maji.

Kwa anayeteswa na joto, homoni za kutibu zipo, na kwa wengi walio chini ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, faida hushinda hatari. Mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake, kwani hunenepesha ukuta wa kizazi; huongezewa homoni ya projestojeni. Aliyewahi kuganda damu au kuugua saratani ya matiti huangaliwa njia nyingine. Uwatu si badala ya homoni hizi, na kwa anayemeza dawa za kisukari unaweza kuishusha sukari kupita kiasi.

Uzazi wa mpango usiuache mapema: miaka 2 tangu hedhi ya mwisho kama hujafika 50, mwaka 1 kama umepita.

Mwaka mzima ukipita bila damu, kisha likaonekana hata tone, swali la kwanza huwa la sala: hii ni hedhi au istihadha (damu isiyo ya hedhi)? Muulize shekhe, lakini wiki hiyohiyo uwe umeonwa na daktari wa wanawake. Mara nyingi ni ule ukavu. Mara nyingine ni saratani ya kizazi, ambayo ikiwahiwa hutibika. Atapima unene wa ukuta wa kizazi kwa picha ya utrasaundi, na ukiwa mnene atachukua kipande kidogo kipimwe. Nenda na tarehe ya hedhi ya mwisho na majina ya dawa zote, za miti shamba zikiwemo. Wala usijioshe kwa ndani kabla ya kutoka nyumbani. Anataka kuona damu inatokea wapi.