Tapeti Zipi kwa V8 Iliyoongezwa Nguvu?

SWALI: Bwana Fundi, pokea salamu zangu. Ninaijenga upya injini ya Chevrolet V8 ya lita 5.7, ya kabla ya mwaka 1987, iliyomo katika pikapu ninayoendesha kila siku mjini na mara nyingine hadi Likasi. Nataka kuagiza kemshafti (mhimili unaofungua valvu) yenye nundu ndefu zaidi. Fundi wangu anataka kurudisha tapeti za zamani, vile vipande vinavyopandishwa na nundu ili kusukuma valvu, kwa kuwa bado zinang'aa; rafiki yangu anasisitiza tapeti za rola (zenye kigurudumu chini) za chuma tupu, kama za magari ya mashindano. Nimsikilize nani? — Msomaji wa Katuba, Lubumbashi.

JIBU: Ndugu msomaji, usimsikilize yeyote kati yao, na kwanza kabisa usimsikilize fundi wako. Uso wa chini wa tapeti bapa, yaani isiyo na rola, haukuwa bapa kabisa ulipotoka kiwandani. Umetunishwa kidogo mno katikati, na nundu nayo imelazwa kidogo upande mmoja, ili tapeti izunguke tunduni mwake inapopandishwa. Chukua tapeti mbili mpya, zikutanishe nyuso za chini, uzibonyeze ukingoni: zitayumba. Fanya hivyo kwa zako za zamani, na huenda zikatulia tuli, kwa maana utuno umekwisha kulika. Mng'ao anaousifu ni alama ya msuguano huo huo, na tapeti iliyozoeana na nundu moja haiwekwi juu ya nundu nyingine, sembuse juu ya kemshafti mpya.

Rafiki yako anasema kweli kuhusu mashindano. Tapeti za rola za chuma tupu huvumilia springi za valvu zilizo kali sana na mizunguko ya zaidi ya 7,000 kwa dakika, lakini hudai nafasi ya valvu ipimwe kwa fila (kibati chembamba cha kupimia) mara kwa mara, na beringi zake za sindano hupata mafuta machache injini inapounguruma polepole kwenye foleni. Gari la kila siku hushinda foleni.

Zinabaki tapeti za haidroli, zinazojirekebisha kwa shinikizo la mafuta, ziwe bapa au za rola. Zile bapa ni za bei nafuu, ila mafuta mengi ya kisasa ya injini za petroli yamepunguziwa zinki na fosforasi ili kulinda vichujio vya moshi, na madini hayo ndiyo yanayoilinda nundu. Ukizichagua, tafuta mafuta yenye zinki ya kutosha, kwa mfano 15W-40 ya daraja la CI-4 inayotumiwa na malori, na injini ikiwaka mara ya kwanza usiiache ikiunguruma polepole: ishikilie kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20 hadi 30. Nundu ikiliwa hapo, unga wa chuma utafika hadi kwenye beringi za krenki.

Mimi ningelipia tapeti za haidroli za rola. Kwa kuwa bloku yako haikutengenezewa rola, nunua zile zilizounganishwa mbili mbili kwa kiungo cha chuma, kinachozizuia zisigeuke tunduni. Gharama haiishii hapo: utahitaji kemshafti iliyochongwa kwa ajili ya rola, pushirodi (fimbo zinazopeleka juu msukumo wa tapeti) fupi zaidi, springi zinazolingana nayo, kizuizi cha mbele kinachoizuia kemshafti isisogee, na gia ya distribyuta (kigawa umeme wa plagi) inayopatana na chuma chake. Muuzaji asiyeweza kukueleza habari ya gia hiyo, muache.

Wakati wa kufunga, kaza nati ya roka (mkono unaobonyeza valvu) huku ukiichezesha pushirodi juu na chini kwa vidole. Mchezo ukiisha, ongeza nusu hadi robo tatu ya mzunguko, kisha fuata karatasi ya mtengenezaji iwapo inasema vingine. Halafu ujiwekee mpaka wa mizunguko 6,000 hivi, kwa sababu juu ya hapo tapeti za haidroli zinaweza kujaa mafuta na kuziacha valvu wazi kidogo.